Majivu ya Nyigu

Crvena Niva, 19 Septemba 2021

Mdogo wangu Rajna,

Haya, maganda yako hayo. Nimempa Trpe magunia mawili ayatie kwenye buti la basi lake, naye akaniuliza kama wataalamu wa Skopje siku hizi wanakula takataka. Nikamwambia wewe endesha basi, mambo ya kisomo waachie wenye kisomo. Barua naitia ndani ya gunia kwa sababu kwenye simu Mama huninyang'anya kabla sijamaliza salamu. Anakuuliza umekula nini, umevaa soksi, basi, mazungumzo yameisha.

Siku ile nilitania tu, ujue. Niliposema kwamba pilipili hoho tukishazichoma, maganda yake huwa yamekuwa nusu makaa, kwa hiyo uyachukue ukachajie simu yako, nilitaka ucheke. Wewe ukanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kumbe ndiyo umeshaanza kupiga hesabu zako.

Tunapika ajvar tangu Jumatatu, mitungi ya mchuzi wa pilipili wa kutupeleka hadi kiangazi. Uani ni moshi mtupu, mikono yangu imekuwa myekundu hadi viwikoni, na Mama amekaa kwenye kigoda chake anamenya huku akinisimanga kwamba naacha mbegu. Ukiona vumbi la kijivu kwenye maganda usishtuke, Mama bado ana vita vyake na nyigu. Risto alipiga jana kutoka Ujerumani. Bado yuko kwenye machinjio yale yale, chumba cha barafu. Anasema hata akilala vidole havimpati joto. Atakuja Krismasi, akipewa ruhusa. Nimechoka kuwa na mume wa Krismasi.

Maganda yakikosa kufaa, usione haya, yatupe. Huku tungeyatupa tu.

Dada yako akupendaye,
Menka


Skopje, 28 Novemba 2021

Dada Menka mpenzi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Yamefaa.

Nitakueleza polepole, umsomee na Mama. Tunayakausha maganda, tunayaunguza kwenye tanuri lisiloingia hewa, tunayaosha, na kinachobaki ni unga mweusi, kaboni. Huo ndio tunaopaka ndani ya betri. Kaboni nzuri ina matundu ambayo jicho haliwezi kuyaona, na umeme hukaa humo, kama wapangaji vyumbani. Nimehangaika miaka na maganda ya viazi, ya vitunguu, majani ya kabichi, mabua. Vyumba vichache, tena vibovu. Lakini ya kwenu, dada! Ghorofa nzima! Nilipima upya nikidhani mashine imeharibika. Mkuu wa maabara, ambaye huwa hakumbuki hata jina langu, alikuja akasimama nyuma yangu akasema, "Bibi Rajna, hiki nini?" Nikamwambia ni mchuzi wa dada yangu.

Sasa nisikilize. Sitaki kitu hiki kikae Skopje. Pilipili ziko huko, wachomaji wako huko, na banda la tumbaku la Baba limekaa bure tangu alipofariki. Tanuri la kwanza litawekwa humo. Nakuapia kwa kaburi la Baba. Mtahitaji mtu wa kulisimamia, mtu anayejua moto na vyuma. Namfahamu mmoja, yuko Ujerumani anagandisha vidole.

Mwambie Risto aanze kukunja nguo.

Wako daima,
Rajna


Crvena Niva, 13 Februari 2022

Rajna, roho yangu,

Amekunja! Risto ameacha kazi. Msimamizi wake alimwambia akiondoka nafasi yake haimngoji, wapo wengi mlangoni, na yeye akamjibu kwamba anakwenda kuwa mkurugenzi. Unamjua anavyotia chumvi akishakunywa. Lakini aliponiambia kwenye simu alikuwa hajanywa. Atafika kabla ya Pasaka na virago vyake vyote. Rajna, nimelia kama mtoto. Nimezoea kumwandalia mizigo ya kuondoka, ya kurudi sijui hata inafunguliwaje.

Banda tumeshalisafisha mimi na Mama. Tumetoa kamba zote za tumbaku na zile sindano ndefu za Baba za kutungia majani. Mama alichukua moja akaibusu akaichomeka kwenye skafu yake, na ukimwambia aitoe anakutolea macho. Nimemwita fundi atoboe paa kwa ajili ya bomba la moshi. Majirani wanapita wakichungulia. Jana Lefterija wa duka aliniuliza kama ni kweli tunataka kutengeneza umeme kwa ajvar. Nikamwambia ndiyo, na wewe tutakukatia kwanza.

Tanuri ni la upana gani? Fundi anataka kujua.

Dada yako mwenye furaha mpaka anajionea aibu,
Menka


Skopje, 30 Mei 2022

Dada mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenizidi, mikutano haiishi. Nilifurahi kusikia kwamba shemeji amefika salama, na kwamba Mama anamlisha mpaka anaomba msamaha.

Kuhusu tanuri, mambo haya ya wawekezaji ni marefu kuliko nilivyodhani. Kuna watu wanaotaka kusaidia, kuna masharti, kuna vibali. Pengine fundi asiharakishe lile bomba. Msilipie chochote kingine kwa sasa. Shemeji akipata kibarua kingine cha muda, si vibaya, akishike.

Vuli hii nitahitaji magunia mengi zaidi, kadiri Trpe atakavyoweza kubeba. Fanyeni kila kitu kama mwaka jana. Maganda yenu ndiyo kipimo chetu, mengine yote tunayalinganisha nayo.

Mbusu Mama. Mwambie soksi nimevaa.

Rajna


Crvena Niva, 9 Oktoba 2022

Mdogo wangu,

Magunia hayo. Trpe amelalamika kwamba basi zima linanuka na abiria wanamtania eti anasafirisha mapishi ya harusi.

Nataka unijibu jambo moja, na unijibu kama dada, usinijibu kama ofisi. Tanuri linakuja lini? Bomba limeshasimama, tulikuwa tumeshalilipia barua yako ilipofika. Linaonekana tangu barabarani. Risto kila asubuhi anaingia bandani, anafagia sakafu isiyo na kitu, anatoka. Pale mkahawani wamempa jina. "Mkurugenzi amefika, mpisheni!" "Mkurugenzi, leo umeajiri wangapi?" Mwanzoni alikuwa anacheka nao na kuwanunulia glasi za rakija. Sasa haendi. Kibarua ulichomwambia akishike amekishika, anapakia matikiti maji kwenye malori ya watu, na mtu wa umri wake mgongo haumsamehi.

Mimi nakuamini. Nimemwambia hivyo jana, tena kwa ukali. Nimemwambia Rajna ameapa kwa kaburi la Baba, huyo si mtu wa kuapa ovyo.

Njoo hata siku moja, msimu wa pilipili haujaisha. Mama anakungoja, kama kila mwaka.

Menka


Crvena Niva, 5 Machi 2023

Rajna,

Simu nimeizima makusudi. Kwenye simu utalia, na ukilia mimi nitasahau ninachotaka kusema.

Mama ndiye aliyekuona. Alikuwa anangoja utabiri wa hali ya hewa. Akapiga kelele, "Menka! Risto! Kimbieni, Rajna yuko kwenye televisheni, yuko bandani kwetu!" Tukaja mbio. Akanishika mkono akaniambia, "Mbona hamkuniambia kama mmelipaka chokaa?"

Nikatazama. Kuta nyeupe, mabomba yanang'aa, wewe umevaa koti jeupe na kofia ya plastiki, na bwana mwenye kiwanda hicho, cha mboga za makopo, amekuwekea mkono begani. Tanuri nyuma yenu. Sasa najua lina upana gani. Mwandishi wa habari akakuuliza wazo hili lilikujia wapi, nawe ukatabasamu ukasema, "Siku moja nilipita nyuma ya kiwanda hiki, nikaona lile lundo la maganda likioza, nikajiuliza."

Lundo gani, Rajna? Ulipita lini? Siku ile ulikuwa umekaa kwenye sofa yako unaongea na mimi kwenye simu, na mimi nilikuwa na mikono michafu nimebana simu kwa bega.

Hilo ningelimeza. Mtu akiwa mbele ya kamera huropoka. Lakini yule mwandishi akaendelea, akasema kwamba mkataba kati yako na kiwanda ulitiwa saini Desemba ya 2021. Risto akaniangalia. Desemba, Rajna. Wino wa barua yako ya kiapo ulikuwa haujakauka. Na mwezi wa pili nilipokuandikia kwamba mume wangu ameacha kazi, nilipokuandikia kwamba nimelia kwa furaha, ulikuwa umeshatuuza. Ungeweza kuniambia siku hiyo hiyo. Angerudi kumwangukia msimamizi wake, nafasi ingekuwa bado haijapoa. Ukanyamaza mpaka Mei, kisha ukaniambia fundi asiharakishe bomba.

Na vuli ikaja, ukaomba magunia. Ukala kwa mkono wangu huku umeshanichoma kisu mgongoni.

Mama aliendelea kuuliza, "Na banda letu liko wapi hapo?" Risto alitoka nje, na baada ya muda nikasikia nyundo. Alikuwa anang'oa bomba.

Menka


Skopje, 20 Machi 2023

Dada,

Nimeandika barua hii na kuichana, nimeandika tena. Sina pa kuanzia.

Nilipoapa nilikuwa nasema kweli. Naomba uamini hilo tu, mengine yote yaache. Wiki ile ile mkuu wa maabara akaniita. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unakwisha na hawakuwa na nia ya kuuongeza. Kisha wakaja watu wa kiwanda. Walisema, sisi tuna maganda, tuna malori, tuna umeme mkubwa, huko kijijini kuna nini? Nikasema kuna dada yangu. Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Nikatia saini.

Barua yako ya Februari ilipofika nilikaa nayo mezani. Nilisema nitakupigia kesho. Ikawa wiki, ikawa mwezi, na kila siku iliyopita ilifanya ile inayofuata iwe ngumu zaidi. Yale maneno ya lundo niliandikiwa na watu wa kiwanda. Walisema hadithi ya kijijini itawafanya wanunuzi wadhani ni mchezo wa mama wa nyumbani.

Nilikuwa na mpango wa kuwafidia. Nimeshazungumza nao kuhusu shemeji. Kuna nafasi getini, ya ulinzi, atapewa kibanda chenye joto.

Usimwambie Mama yote. Nakuomba.

Rajna wako


Crvena Niva, 2 Aprili 2023

Nimeipata. Kibanda chenye joto utakaa mwenyewe. Risto ameondoka jana kwa basi la Trpe, amepata machinjio mengine, ya mbali zaidi, na chumba cha barafu ni kile kile.

Mama nimemwambia yote. Ni mtoto wake anayesemwa, kwa nini afichwe?

M.


Skopje, 27 Agosti 2023

Menka,

Najua sina haki ya kukuandikia. Naandika kwa sababu sina pa kwenda.

Kaboni ya kiwandani imekufa. Haina kitu. Tanuri lile lile, moto ule ule, mikono yangu ile ile, lakini maganda yao yanatoka unga usio na matundu, umeme hauna pa kukaa. Tumebadilisha pilipili, tumenunua hata za huko kwenu, upande wa Strumica, za shamba la jirani yenu. Vile vile. Ni maganda yenu peke yake yaliyofanya kazi. Wenye kiwanda wameanza kuuliza kama vipimo vyangu vya mwanzo vilikuwa vya kweli. Mwezi wa kumi wataamua.

Nimepima tena masalio ya magunia yako. Kuna potasiamu nyingi kuliko inavyoweza kutoka kwenye pilipili yoyote. Ile ndiyo inayotafuna kaboni kwenye moto na kuitoboa matundu. Mimi nilidhani ni ya maganda yenyewe. Kumbe iliingia kutoka nje. Mnatumia mbolea gani? Mnayaosha kwa kitu gani? Wenzangu wanasema kuna mtu aliyechanganya kitu humo makusudi, ili tumtegemee. Nimewaambia dada yangu si mtu wa hivyo. Lakini nahitaji kukuuliza, na unijibu kwa kweli: ulichanganya nini kwenye magunia, Menka?

Rajna


Crvena Niva, 24 Septemba 2023

Rajna,

Sikukusudia kukujibu. Barua yako niliiweka juu ya friji, ikapata vumbi, na Mama akawa anaiangalia kila akipita. Juzi tulipokuwa tunamenya akaniambia niilete niisome kwa sauti.

Nilisoma. Nilipofika pale unapouliza nilichanganya nini makusudi, aliacha kumenya. Nikadhani ataangua kilio. Akacheka, Rajna. Alicheka mpaka akajipaka pilipili jichoni, nikamkimbilia na maji. Alipopata pumzi akasema, "Mwambie ni majivu. Mwambie ni yale majivu yake."

Hiyo potasiamu yako mimi siijui sura. Ninalojua ni kwamba hakuna kingine tunachotia. Majivu ya jiko letu, ya kuni za mwaloni, tunayachekecha na kuyamwaga juu ya lundo la maganda ili nyigu wasitue. Kijiji kizima hakuna mwingine anayefanya hivyo. Lefterija hutucheka kila mwaka, anasema sisi tunazika pilipili kabla ya kuzila. Ndiyo maana maganda ya jirani hayakukufaa.

Nahisi umesahau. Ulikuwa hujaanza shule. Ulikuwa unachezea lundo la maganda, nyigu akakuuma shingoni, ukavimba mpaka ukakosa uso, na pumzi ikaanza kukwama. Baba alikubeba kwenye trekta huku akiliendesha kwa mkono mmoja mpaka hospitali ya Strumica, na Mama alikimbia nyuma yenu barabarani bila viatu mpaka trekta likapotea. Uliporudi akaanza kumwaga majivu. Nilidhani ataacha ukienda kusoma Skopje. Hakuacha. Kila vuli nimemwambia, Mama, huyo mtu ana maabara, ana maisha yake, msimu wa pilipili haji. Naye ananijibu, "Huwezi kujua. Anaweza kutokea leo." Anasema hivyo na chekecheo mkononi. Kila vuli, Rajna, mimi nimesimama pale na ndoo.

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye magunia yangu. Ndilo ulilolipima ukadhani mashine imeharibika, ukalipeleka kwa bwana wa makopo, ukasema umeliokota nyuma ya kiwanda chake. Waambie wenzako hakuna aliyechanganya kitu ili mumtegemee. Waambie ilikuwa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuwa akiogopa nyigu.

Sikufichi wala sikuuzii. Chukua, ukaokoe kazi yako. Majivu yapo kila jiko, watapata pa kuyanunua. Nimejiuliza sana kama nikuambie au nikuache uzame, na sitaki ufikiri nimekuambia kwa sababu nimekusamehe. Bado nina uchungu nawe mpaka nikisikia jina lako kwenye redio nazima. Nimekuambia kwa sababu Mama aliniagiza, na sitaki kuwa mtu wa pili kwenye nyumba hii aliyemnyamazia ndugu yake.

Kuna jambo moja zaidi. Jumatatu, pilipili za kwanza zilipotoka motoni, nilichota majivu kama kawaida nikatoka nayo uani. Mama akaniuliza naenda nayo wapi. Nikamwambia, si ya nyigu? Akasema niyamwage bustanini, kwenye vitunguu. Nikasimama nayo. Nikamwuliza, "Na Rajna akitokea je?"

Akachukua pilipili nyingine, akaivua ganda lote kwa mkupuo mmoja.

"Rajna akija," akasema, "atapiga simu kwanza, kama wageni wengine."

Kwa hiyo piga simu kwanza. Uani nyigu wamejaa.

Menka